Swopu ya riba: benki inavyoshika mwavuli, hatua kwa hatua

Tarehe 10 Machi 2023 wasimamizi wa jimbo la California waliifunga Silicon Valley Bank (SVB), benki yenye mali za dola bilioni 209 hivi. Ukienda kuchungulia hela zake zilikuwa wapi hukuti matapeli wala majumba hewa, unakuta hela nyingi imekaa kwenye hati fungani za serikali ya Marekani na zile za mikopo ya nyumba zenye mkono wa serikali nyuma yake, yaani vile vitu ambavyo darasani unaambiwa hapa lala usingizi. Na kweli kudhulumiwa hakukuwepo, kila hati ingelipwa mpaka senti ya mwisho. Kilichoiua ni riba. Ilinunua hati za muda mrefu wakati riba iko chini kabisa, alafu riba ikapanda kwa kasi, na ule mwavuli ambao ungeisaidia angalau kidogo ilikuwa nao mkononi ikaufunga yenyewe.

Huo mwavuli ndo swopu ya riba. Mimi nimekaa idara ya hazina kwenye benki miaka kadhaa, sio benki kubwa, kazi yangu ilikuwa makaratasi na hesabu za nyuma ya pazia, kwahiyo naelezea kama mtu aliyezishika hizi karatasi sio kama profesa. Nitatumia dola kwenye mifano maana soko lenyewe la swopu liko huko, kwetu nitagusa mwishoni.

Kwanza tatizo lenyewe

Mama mwenye duka anaweka hela yake leo, kesho kutwa anakuja kuichukua akalipie mzigo. Hela hiyohiyo benki imeshampa mtu mwingine ajengee nyumba, anarudisha kidogo kidogo miaka 15. Benki zote zinaishi hivyo, zinakopa kwa muda mfupi na kukopesha kwa muda mrefu, na faida ni ile tofauti katikati. Sasa kama mwenye nyumba amepewa riba isiyobadilika alafu riba ya sokoni ikapanda, mama wa duka atataka zaidi la sivyo anahamia benki ya jirani, ila mwenye nyumba yeye halipi hata shilingi ya ziada maana mkataba wake umefungwa.

Marekani walishaumia na hili zamani. Zile benki ndogo za akiba na nyumba zilikuwa zimejaza mikopo ya miaka 30 kwa riba ndogo ya kudumu, ukaingia mwaka 1980 na 1981 Paul Volcker wa Benki Kuu ya Marekani anapigana na mfumuko wa bei, riba za muda mfupi zikagusa karibu asilimia 20. Unakusanya asilimia 7 unalipa 15, utadumu muda gani? Kati ya 1986 na 1995 zilifungwa zaidi ya 1,000, sio zote kwa sababu ya riba peke yake, wizi ulikuwepo na mikopo mibovu ilikuwepo, ila riba ndo ilianza kuzichimbia kaburi.

Swopu yenyewe inafanyaje kazi

Chukulia wazee wawili wenye daladala. Wa kwanza dereva wake anampa hesabu ya elfu 80 kila siku, inyeshe isinyeshe. Wa pili hana hesabu maalum, anachukua kilichopatikana, siku nyingine laki, siku nyingine elfu 60. Wanakaa wanakubaliana wabadilishane mapato. Magari hayabadilishwi, kila gari linabaki kwa mwenyewe na kadi yake. Jioni wanapeana tofauti tu. Gari la pili likiingiza laki, mzee wa pili anampa wa kwanza elfu 20. Likiingiza elfu 60, wa kwanza anamlipa wa pili elfu 20. Mwisho wa siku mzee wa kwanza ana mapato yanayopanda na kushuka na wa pili ana elfu 80 yake ya uhakika, na hakuna aliyeuza gari.

Swopu ya riba ni hiyo. Upande mmoja unalipa riba fiksi, upande mwingine unalipa riba inayoelea, wote wanapigia hesabu kwenye kiasi kilekile, tuseme dola milioni 100, lakini hiyo milioni 100 haiendi popote, ni ya kuhesabia tu kama yale magari. Ndo maana ukisikia soko la swopu duniani lina mamia ya matrilioni ya dola usishtuke, hiyo hela haipo mezani, kinachotembea ni tofauti.

Tuweke namba. Benki imekopesha milioni 100 kwa asilimia 7 fiksi kwa miaka 5. Amana zake zinaigharimu riba ya sokoni, na leo iko asilimia 4, kwahiyo benki inabaki na 3. Sokoni ikifika 7 benki inafanya kazi ya bure, ikifika 8 inalipa watu wakae nayo. Sasa inaingia swopu, inalipa fiksi asilimia 4.2 na kupokea riba ya sokoni. Hesabu inakuwa 7 kutoa 4.2, jumlisha riba ya sokoni inayopokea, toa riba ya sokoni inayowalipa wenye amana. Zile mbili za mwisho zinauana, inabaki 2.8. Riba iende 8, iende 1, benki inapata milioni 2.8 kwa mwaka.

Umeona ilichokitoa? Imeachia ile sifuri nukta mbili, na imeachia raha ya riba kushuka. Riba ikienda asilimia 1 jirani ambaye hakujikinga anakula 6 yote peke yake na wewe uko palepale kwenye 2.8, na kila siku ya malipo unatoa hela kwenda upande wa pili. Hapo ndo mabosi wanaanza kuuliza hii kitu nani aliileta. Shika hili, tutalirudia kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 1: Pima pengo, na usijidanganye kuhusu amana

Kabla ya swopu yoyote unachukua mizania yote unaipanga kwenye ndoo za muda. Vinavyobadilika riba ndani ya mwezi ndoo hii, miezi mitatu ndoo ile, mwaka, miaka mitano, kuendelea. Mikopo na hati upande mmoja, amana na madeni upande mwingine. Ndoo ambayo pande mbili hazilingani ndo ina pengo.

Mikopo ni rahisi, mkataba unasema. Kazi iko kwenye amana. Akaunti ya hundi kisheria mteja anaweza kuitoa yote sasa hivi, lakini ukiangalia historia kuna kiasi huwa hakiondoki miaka nenda rudi. Sasa ukiweka kwamba zinakaa miaka mitano, pengo linapungua kwenye karatasi. Ukiweka zinakaa mwaka mmoja, pengo linafumuka. Ni kadirio la mtu kwenye kompyuta na namba hiyo moja inaweza kugeuza ripoti nzima kutoka nyekundu kwenda kijani.

SVB walifanya hasa hicho. Ripoti ya Benki Kuu ya Marekani iliyotoka Aprili 2023 inaeleza kwamba modeli yao ilipoanza kuonyesha hatari imezidi kikomo, wakabadilisha makadirio ya modeli badala ya kubadilisha mizania. Amana zikahesabiwa zinakaa muda mrefu zaidi, hatari ikapungua kwenye karatasi, mchezo ukaisha. Wakati amana zenyewe ni za makampuni machanga ya teknolojia yanayofahamiana na kuongea kila siku, na asilimia 94 ya amana zilikuwa juu ya kile kiwango cha dola 250,000 kinacholindwa na bima. Amana za hivyo uzihesabie miaka!

Kwahiyo ushauri wangu kwenye hatua hii, kadirio la amana lisiandikwe na mtu ambaye bonasi yake inategemea jibu.

Hatua ya 2: Amua unalinda nini

Kuna vitu viwili na vinaweza kuvutana. Kimoja ni mapato ya riba ya mwaka huu na ujao, kingine ni thamani ya benki nzima kama ungeuza kila kitu leo na kulipa kila deni. Benki inaweza kuonekana safi kwenye mapato ya mwaka mmoja na huku thamani yake inaoza. Sheria za Basel za 2016, zinazotungwa na kamati ya wasimamizi wa mabenki duniani, zinataka zipimwe zote mbili, thamani inapimwa kwa mitikisiko 6 ya riba, kwa dola ule wa riba zote kupanda pamoja uliwekwa asilimia 2, na ukiona thamani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 15 ya mtaji wa daraja la kwanza, yaani hela ya wenye benki yenyewe, msimamizi anakuja kukuuliza maswali. Watu wa hazina wanapenda kuangalia mapato kwa sababu ndo yanaonekana kila robo mwaka. Angalia zote.

Hatua ya 3: Chagua upande wako

Hapa wanaoanza wanachanganya, nami nilichanganya. Kanuni ya kichwani ni hii, ukiogopa riba kupanda, lipa fiksi pokea inayoelea. Ukiogopa riba kushuka, pokea fiksi lipa inayoelea.

Benki yenye mikopo ya fiksi na hati za muda mrefu inaogopa kupanda. Lakini kuna benki za kinyume chake, mikopo yake yote inaelea alafu amana zake ni akaunti za hundi zinazolipwa kidogo au hazilipwi kabisa, hizo riba ikipanda zinachekelea na riba ikishuka zinalia. Mabenki makubwa ya Uingereza yako hivyo, yanachukua hizo amana zilizotulia yanaingia swopu za kupokea fiksi za miaka kadhaa, kila mwezi chache zinafika mwisho wa muda wake na mpya zinawekwa, kwahiyo mapato yanakuwa kama wastani wa miaka iliyopita badala ya kuruka ruka na kila kikao cha benki kuu. Kwa Lloyds peke yake kinga ya aina hiyo inazidi pauni bilioni 200.

Kisa kimoja cha mezani kwetu. Tuliwahi kuingiza dili kwenye mfumo upande uliogeuka, aliyeingiza alisoma uthibitisho wa upande wa pili kana kwamba ni wetu, "mlipaji wa fiksi" akawa sisi badala ya wao. Mfumo ukaonyesha hatari yetu imeongezeka mara mbili badala ya kupungua, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu kila mtu aliamini ripoti inachelewa kujisasisha. Iligundulika siku ya malipo ya kwanza, tunasubiri hela iingie, wenzetu nao wanasubiri hela iingie. Bahati dili lenyewe lilikuwa sahihi, kosa lilikuwa kwenye mfumo wetu tu. Toka siku hiyo nikawa nataka kila dili liandikwe pembeni kwa sentensi ya kawaida kabisa, "riba ikipanda tunapokea hela". Sentensi hiyo huwezi kuigeuza kwa bahati mbaya.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ukubwa

Kosa la kawaida ni kudhani hati za milioni 100 zinakingwa na swopu ya milioni 100. Inategemea uzito wa muda wa kila kimoja, wenyewe wanaita durasheni. Kwa haraka haraka, kitu chenye durasheni ya 6 kinapoteza asilimia 6 hivi ya thamani riba ikipanda kwa asilimia 1, maana hati ya zamani yenye riba ndogo hakuna atakayeinunua kwa bei ileile wakati mpya zinalipa zaidi. Swopu ya miaka 5 ina durasheni ya karibu 4.5. Kwahiyo kufunika hati za milioni 100 zenye durasheni 6 unahitaji swopu ya milioni 133 hivi, yaani 6 gawanya kwa 4.5. Kazini hatuongei asilimia moja, tunaongea hasara ya pointi moja ndogo, sehemu ya mia ya asilimia, kwa mfano huo ni dola 60,000 kwa kila pointi, na unalinganisha dola kwa dola kwenye kila ndoo ya muda. Ukilinganisha jumla tu bila ndoo utajikuta umekinga miaka 2 wakati hatari yako iko miaka 10, na riba za muda tofauti hazitembei pamoja.

Sasa ichukue hesabu hiyo uipeleke SVB. Mwisho wa 2022 ilikuwa na hati za bilioni 91 kwenye fungu la kushikilia mpaka ziive, yaani zile benki inazosema haitaziuza mpaka siku ya kulipwa, durasheni yake kidogo zaidi ya miaka 6. Kila riba inapopanda asilimia moja ni kama bilioni 5 na nusu zinaondoka. Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha Machi 2022 kutoka karibu sifuri, ikafika Februari 2023 riba iko kati ya 4.50 na 4.75. Riba za muda mrefu hazikupanda kiasi hicho chote, ila hasara ya kwenye karatasi, maana hati hazijauzwa, kwenye fungu hilo ikafika bilioni 15 na ushee. Mtaji wote wa benki ulikuwa karibu bilioni 16. Hiyo hesabu mwanafunzi wa kidato cha nne anaifanya nyuma ya daftari.

Sio lazima ukinge yote. Benki ikikinga kila kitu haina tena biashara, itakuwa inazungusha hela kwa faida nyembamba. Wengi wanakinga mpaka pengo liingie ndani ya kikomo kilichowekwa na bodi, kilichobaki wanakula nacho.

Hatua ya 5: Makaratasi kabla ya bei

Mkataba mama ni wa ISDA, chama cha watu wa soko hili kilichoanzishwa 1985, na toleo linalotumika sana ni la 2002. Mnausaini mara moja, alafu kila dili linakuwa karatasi fupi chini yake. Uzuri wake ni kwamba mmoja akifilisika dili zote mlizonazo zinajumlishwa kuwa namba moja, hawezi kuchagua zile zinazomlipa akakataa zinazomuumiza. Pembeni yake kuna nyongeza ya dhamana inayosema nani anaweka hela kiasi gani thamani ikienda upande fulani.

Vitu viwili vya kukagua kwa macho yako mwenyewe. Cha kwanza, je huyu mwenzako ana mamlaka kisheria ya kuingia swopu? Miaka ya 1980 halmashauri ya Hammersmith and Fulham, London, iliingia swopu mamia kwa mamia, sio za kujikinga tena bali za kubahatisha riba itashuka. Riba ikapanda. Kesi ikafika mpaka Baraza la Malodi, wakati huo ndo mahakama ya juu kabisa Uingereza, na mwaka 1991 wakaamua kwamba halmashauri hazina kabisa mamlaka hayo, kwahiyo mikataba yote ni batili toka mwanzo. Mabenki yaliyokuwa yanadai yakabaki yameshika karatasi.

Cha pili ni riba inayoelea inafuata kipimo gani na kipimo kikifa inakuwaje. Kwa miaka mingi ilikuwa LIBOR, namba iliyotokana na mabenki machache kusema wanadhani wangekopa kwa riba gani, na mwaka 2012 ikawa wazi kwamba walikuwa wanaisukuma wanavyotaka, Barclays ikapigwa faini Uingereza na Marekani. LIBOR ya dola ilizimwa mwisho wa Juni 2023. Sasa kwa dola ni SOFR, inatangazwa na tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani toka Aprili 2018, na inatokana na mikopo halisi ya usiku mmoja inayowekewa hati za serikali kama dhamana, sio mtu kusema anachodhani. Mikataba ambayo haikuwa na kifungu cha kipimo kufa iliwapa wanasheria kazi ya kutosha.

Hatua ya 6: Ingia sokoni, na tenga hela ya dhamana

Riba fiksi ya swopu haitokani na mtu kujisikia, inawekwa ili siku ya kwanza swopu iwe na thamani sifuri, yaani ile fiksi ni kama wastani wa riba inayoelea jinsi soko linavyoitegemea kwa miaka yote ya mkataba. Omba bei kwa watu watatu kwa wakati mmoja. Ukimpigia mmoja tu anajua umebanwa.

Zamani dili lilibaki kati yenu wawili. Baada ya 2008 Marekani na Ulaya walilazimisha swopu za kawaida zipite kwa taasisi inayokaa katikati, maarufu ni LCH ya London, nyie wawili mnakubaliana alafu dili linakatwa vipande viwili, kila mmoja anabaki anadaiwa na kudai LCH. Sababu ni Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani. Ilipoanguka Septemba 2008 ilikuwa na swopu za kuhesabia dola trilioni 9 pale LCH, mikataba zaidi ya 66,000, na ikasafishwa yote ndani ya wiki kama tatu kwa kutumia dhamana ya Lehman wenyewe, wanachama wengine hawakuchangia kitu.

Lakini aliyekaa katikati anataka hela kila siku. Thamani ikienda kinyume na wewe leo, kesho asubuhi unaweka taslimu, haijalishi kwamba ule mkopo unaoukinga umepanda thamani kwa kiasi kilekile, mkopo haukupi taslimu leo. Hapa kinga inaweza kukukaba koo. Septemba 2022 mifuko ya pensheni ya Uingereza ilibanwa namna hiyo, riba za hati za serikali zikaruka ndani ya siku chache, wakadaiwa dhamana, wakaanza kuuza hati ili wapate taslimu, kuuza kukashusha bei, bei ikashusha dhamana, wakadaiwa tena. Tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza ikaingia yenyewe kununua. Na kwa muda mrefu riba kupanda ilikuwa nzuri kwa mifuko hiyo! Kwahiyo kabla ya kusaini piga hesabu, riba ikienda kinyume kwa asilimia 2 ndani ya wiki natoa wapi taslimu.

Hatua ya 7: Wahasibu

Fupi, maana inachosha, ila ukiiruka utalia. Swopu inaandikwa vitabuni kwa bei ya sokoni kila robo mwaka, mkopo unaoukinga kwa kawaida hauandikwi hivyo. Usipofanya uhasibu maalum wa kinga, faida yako itaruka juu chini bila sababu ya kweli, na uhasibu huo unataka karatasi iandikwe siku ileile unayoingia dili, inakinga nini, kwa nini, utapimaje kama inafanya kazi. Sio mwezi ujao.

Na hapa kuna mtego wa Marekani. Hati ukishaziweka kwenye fungu la kushikilia mpaka ziive, kanuni zao haziruhusu uhasibu wa kinga kwa hatari ya riba kwenye fungu hilo, kwa hoja kwamba kama umeapa hutauza basi bei haikuhusu. Zile bilioni 91 za SVB zilikuwa humo. Kwahiyo kwa kuchagua fungu linaloficha hasara wakawa wamejifungia na mlango wa kujikinga. Kwa wanaotumia viwango vya kimataifa, kama benki za Tanzania na Kenya, zuio hilo haliko hivyo.

Hatua ya 8: Usiuze mwavuli kwa sababu umepanda bei

Zile hati zake nyingine, za fungu la kuuza, SVB ilikuwa imezikinga. Mwisho wa 2021 ilikuwa na swopu za kulipa fiksi za kuhesabia bilioni 10.7. Riba zikaanza kupanda 2022, swopu zikaanza kuwa na thamani kubwa, yaani mwavuli umeanza kufanya kazi, na ndani wakaanza kuogopa kitu kingine, kwamba riba zikija kushuka mapato yatapungua. Wakazivunja wakachukua faida. Mwisho wa 2022 zilibaki za milioni 550. Na sehemu kubwa ya mwaka huo benki haikuwa na mkuu wa idara ya hatari.

Nisiseme uongo, hata wangeziacha zote bilioni 10.7 zisingefunika tundu la bilioni 91. Tarehe 8 Machi walitangaza wameuza hati za bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8, kesho yake wateja wakatoa bilioni 42 kwa siku moja, na asubuhi ya tarehe 10 kulikuwa na maombi ya bilioni 100 zaidi. Mbio za hivyo hazizuiliwi na swopu. Ila kinachonikera ni ule uamuzi. Kinga inayolipa ndo kinga unayoihitaji, faida ya swopu ni ile hasara ya hati ukiitazama kwenye kioo, ukichukua faida ukaiita mapato umebaki na hasara peke yake na mvua bado inanyesha.

Kwahiyo weka kanuni, kinga inavunjwa pale tu kitu inachokikinga kimeuzwa au kimelipwa. Sababu nyingine yoyote inaenda bodi, kwa maandishi.

Na kwetu je?

Kwa shilingi soko la swopu za riba ni jembamba, benki ya Dar ikitaka kulipa fiksi kwa miaka 7 haimpati kirahisi wa upande wa pili, na riba ya sera yenyewe Benki Kuu ya Tanzania imeanza kuitumia Januari 2024, ilianza na asilimia 5.5. Bila kipimo kinachoaminika swopu haina pa kushika. Kenya wako mbele kidogo, 2025 walianza kuzisukuma benki zifungie riba za mikopo kwenye kipimo cha KESONIA kinachotokana na benki kukopeshana usiku mmoja. Kwenye mikopo ya dola ya serikali hatari ni ileile, Kenya Oktoba 2025 ilitangaza kuihamisha mikopo ya SGR ya Exim Bank ya China kutoka dola yenye riba inayoelea kwenda yuan, hiyo sio swopu ya sokoni hasa, mkopo wenyewe ndo ulibadilishwa, ila ugonjwa uliotibiwa ni huuhuu.

Sasa bila swopu benki zetu zinajikingaje? Zinakopesha muda mfupi, na kwenye mkataba wako wa mkopo kuna mstari unasema benki inaweza kubadilisha riba kwa taarifa. Huo mstari ndo swopu yao, na upande wa pili ni wewe, ila wewe hujalipwa chochote kwa kuushika huo mzigo. Siku unasaini uulize kama riba ina kikomo cha juu na inafuata kipimo gani.

Kusoma ripoti ya benki mwenyewe

Ukitaka kuikagua benki yoyote, pakua ripoti ya mwaka, ruka picha za mwenyekiti, nenda kwenye maelezo ya mahesabu tafuta vitu vitatu. Jedwali la ndoo za muda au la athari ya riba kupanda. Maelezo ya swopu na jamaa zake, linganisha kiasi cha kuhesabia cha mwaka huu na mwaka jana. Na thamani ya sokoni ya hati zilizowekwa mpaka ziive, ikilinganishwa na ilivyoandikwa vitabuni, alafu hiyo tofauti iweke pembeni ya mtaji.

Ripoti ya SVB ya mwaka 2022 ilitoka tarehe 24 Februari 2023 na vyote vitatu vilikuwa humo, bilioni 10.7 imekuwa milioni 550, hasara ya bilioni 15 pembeni ya mtaji wa 16. Benki ilifungwa siku 14 baadaye.